Gia nzito peke yake haileti mbio: kunyonga, meno ya gia na mwendo wa baiskeli kwenye barabara ya Malindi

#1, mwanzilishi wa uzi

Salamu kwenu wanajukwaa.

Katika vikundi vinavyotoka Nyali, hapa Mombasa, alfajiri kuelekea Mtwapa na Kikambala kuna imani iliyoota mizizi, kwamba mwenye gia kubwa ndiye mwenye mbio, na kwamba anayenyonga haraka haraka kwenye gia nyepesi anachosha miguu bure. Vijana humpelekea fundi baiskeli iliyo salama kabisa ili aing'oe gia ya mbele yenye meno 50 na kuweka ya meno 53, kisha hurudi barabarani na mwendo ukawa ni ule ule, ila sasa magoti yameanza kulalamika. Nimeanzisha uzi huu ili tulitazame jambo hili kwa hesabu, kwa kuwa ni jambo linalohesabika na halina haja ya kubishaniwa kila Jumapili.

Hesabu yenyewe ni fupi. Pedali zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara kadhaa, na idadi hiyo hupatikana kwa kugawanya meno ya gia ya mbele kwa meno ya gia ya nyuma. Meno 50 mbele na 17 nyuma yanatoa uwiano wa 2.94. Gurudumu la baiskeli ya mbio, lile la 700 lenye tairi ya milimita 25, lina mzingo wa takriban mita 2.1, kwa hiyo kila pedali zinapokamilisha mzunguko mmoja baiskeli husogea mita 6.2 hivi. Kilichobaki ni kujua pedali zinazunguka mara ngapi kwa dakika, kipimo ambacho waendeshaji hukiita kadensi. Ukinyonga kwa kadensi ya 90 kwenye gia hiyo utakwenda mita 556 kwa dakika, sawa na kilomita 33 na kidogo kwa saa. Anayetaka njia ya mkato azidishe kadensi kwa uwiano wa gia, kisha azidishe jibu kwa 0.126, na atapata kilomita kwa saa bila kununua kifaa chochote.

Mzingo wa tairi lako usiukisie. Piga alama ya chaki ubavuni mwa tairi mahali linapogusa sakafu, piga nyingine sakafuni, keti juu ya baiskeli huku mwenzako akiishika, isukumeni mpaka alama ya tairi irudi chini, halafu mpime kwa futi kamba. Tairi lenye upepo mdogo hutoa mzingo mfupi zaidi, na ndiyo maana kipimo kinataka uwe umeketi.

Sasa tuje kwenye kiini. Kilomita 30 kwa saa unaweza kuzipata kwa gia ya 50 na 15 ukinyonga kwa kadensi ya 71 hivi, na unaweza kuzipata kwa gia ya 50 na 19 ukinyonga kwa 90. Mwendo ni mmoja, upepo unaokupiga kifuani ni mmoja, na nguvu inayotakiwa ni ile ile. Kwa mtu ambaye yeye na baiskeli yake wana uzito wa kilo 85, ameshika usukani kwa juu na barabara ni tambarare isiyo na upepo, nguvu hiyo ni kama wati 165. Gia haiongezi hata wati moja. Inachofanya ni kukupa nafasi ya kuchagua utazilipa vipi wati hizo: kwa kukandamiza sana na kuzungusha kidogo, au kwa kukandamiza kidogo na kuzungusha sana. Kwa mkono wa pedali wenye urefu wa milimita 170, kadensi ya 71 inadai msukumo wa wastani unaokaribia kilo 13 na nusu, na kadensi ya 90 inadai kama kilo 10 na nusu. Tofauti ya kilo tatu inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba katika safari ya saa mbili utakuwa umezungusha pedali hizo mara elfu nane hadi elfu kumi na zaidi.

Msukumo mzito huamsha nyuzi za misuli zilizoumbwa kwa ajili ya nguvu ya ghafla, nazo hula sukari ya akiba ya misuli kwa pupa na huchoka upesi. Kunyonga haraka kwenye gia nyepesi huhamishia sehemu ya mzigo kwenye moyo na mapafu, ambavyo hupoa ndani ya dakika chache ukipunguza mwendo, ilhali paja lililokwisha haliponi mpaka umefika nyumbani, umekula na umelala. Hata hivyo wanaosema kwamba kadensi kubwa ni bora siku zote nao wanapotoka. Miguu ni mizito, na kuizungusha tu kunagharimu hewa ya oksijeni hata kama pedali hazina mzigo. Kwa kipimo cha oksijeni pekee, mwili hutumia kidogo zaidi ukinyonga taratibu, karibu na 60 kuliko 90, na bado waendeshaji waliofunzwa hujikuta wakichagua kati ya 80 na 100, kwa sababu wanaihifadhi misuli kwa ajili ya saa ya mwisho. Anayekwenda Kongowea kununua mboga hana saa ya mwisho ya kuihofia, kwa hiyo 60 inamtosha.

Kinachoamua mwendo, basi, ni wati zako dhidi ya vizuizi vilivyoko mbele yako, na kwenye tambarare kizuizi kikubwa ni hewa. Nguvu ya kuipasua hewa hupanda kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Mwendeshaji yule yule wa wati 165 akitaka kutoka kilomita 30 kwenda 35 atahitaji kama wati 240. Kijana aliyefunga gia ya meno 53 hakupewa wati hizo 75 za nyongeza na fundi wake. Alichopewa ni gia iliyo nzito zaidi ya kuzisukumia wati alizokuwa nazo, kwa hiyo kadensi yake ilishuka na mwendo ukabaki ulipokuwa.

Ushahidi ulio safi zaidi, kwa maoni yangu, ni rekodi ya saa moja kwenye uwanja wa baiskeli, yaani umbali mrefu zaidi ambao mtu amekwenda kwa saa moja, kwa sababu pale hakuna mlima, hakuna kubadilisha gia na hakuna mwenzako wa kujificha nyuma yake. Tarehe 25 Oktoba 1972 Eddy Merckx wa Ubelgiji alikwenda kilomita 49.431 mjini Mexico City kwa gia ya meno 52 na 14. Tarehe 8 Oktoba 2022 Filippo Ganna wa Italia alikwenda kilomita 56.792 huko Grenchen, Uswisi, kwa gia ya 65 na 14. Ukipiga hesabu utaona kwamba Merckx alizungusha pedali zaidi kidogo ya mara 100 kwa dakika, na Ganna chini kidogo ya mara 100. Miaka 50 imepita, gia imeongezeka meno 13, kadensi imebaki palepale. Gia ilikua kwa sababu baiskeli, mavazi na mkao wa Ganna viliipasua hewa kwa urahisi zaidi, na ilibidi gia iufuate mwendo huo ili miguu isilazimike kuzunguka mara 120. Gia ilifuata mwendo, haikuutangulia.

Tukirudi nyumbani, mtazameni muuza madafu anayetoka Kisauni kuingia kisiwani kwa Black Mamba, ile baiskeli nzito ya kubebea mizigo. Baiskeli hizo zina gia moja tu. Tuchukue mfano wa meno 44 mbele na 18 nyuma, gurudumu la inchi 28 ambalo mzingo wake ni kama mita 2.2, ambapo kila mzunguko wa pedali ni mita 5.4. Kwenye tambarare, kadensi ya 60 inampa kilomita 19 kwa saa, mwendo wa heshima kabisa kwa mtu aliyebeba mzigo. Kabla ya kuukabili mwinuko wa Daraja la Nyali utamwona ananyonga kwa nguvu ili apate kasi ya kuanzia, halafu ananyanyuka kitini, kifua kikiwa juu ya usukani, na uzito wake wote unashuka juu ya pedali moja, kisha nyingine, huku shada la madafu likiyumba ubavuni. Akifika mahali ambapo kadensi imeshuka hadi 30 au chini ya hapo, hushuka na kusukuma. Hashuki kwa udhaifu. Kwenye mwinuko wa asilimia 4, mtu wa kilo 85 bila mzigo wowote anayepanda kwa kilomita 12 kwa saa anatumia kama wati 135. Kwa gia ile moja kadensi yake itakuwa 37, na kwa gia ya 34 na 28 ingekuwa karibu 80, yaani chini ya nusu ya msukumo kwa kazi ile ile. Mpe huyo mwenye gia moja kilo 60 za madafu na mtajua kwa nini kusukuma ni uamuzi wa busara.

Na upepo. Sisi tusio na milima tunao kaskazi. Barabara ya Malindi inaelekea kaskazini mashariki, kwa hiyo kuanzia Desemba hadi Machi anayetoka Mombasa anaukuta upepo usoni. Mtu anayekwenda kilomita 25 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 15 anapigwa na hewa ya kilomita 40. Nguvu inayotakiwa inatoka takriban wati 100 na kupita 200, bila mwendo kuongezeka hata kidogo. Hapo ndipo wengi hushikilia gia ile ile waliyoizoea na kuikandamiza kwa hasira, wakati wangetakiwa kuushughulikia upepo kama wanavyoushughulikia mlima: shusha gia mbili, acha kadensi ibaki 85, ukubali kwamba mwendo ni 22, na inamisha kifua. Kipindi cha kusi, unaposukumwa mgongoni kuelekea Kilifi, gia nzito ina kazi yake, na hapo sina ugomvi nayo.

#2, mchangiaji wa Kisauni

Ahsante kaka kwa uzi huu. Mimi ninayo baiskeli ya milimani ya mtumba yenye gia 21, mbele 48, 38 na 28, nyuma kuanzia 14 hadi 28. Wenzangu wa baiskeli za mbio wananiacha tukishapita Bamburi, na nimeambiwa dawa ni kuongeza gia ya mbele. Je, ni kweli?

#3, mwanzilishi wa uzi

Ndugu yangu, tuanze na gia nzito kabisa uliyonayo, 48 na 14. Uwiano wake ni 3.43, na tairi la inchi 26 lina mzingo wa kama mita 2.05, kwa hiyo kila mzunguko ni mita 7. Ukinyonga kwa 90 unakwenda kilomita 38 kwa saa. Swali ni hili: unapoachwa pale Bamburi, miguu yako inazunguka zaidi ya 100 na gia imekwisha, au bado una gia moja au mbili za nyuma ambazo hujazigusa? Kama bado zipo, gia si tatizo lako. Wenzako wanakuacha kwa sababu matairi yako ni mapana yenye vishikizo vinavyovuma kwenye lami, na kwa sababu umeketi wima kama mtu aliye barazani, kifua kikiwa tanga. Tafuta matairi laini membamba zaidi, yajaze upepo kufikia kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake, shusha usukani kidogo, na utapata zaidi kuliko vile meno manne ya ziada yangekupa.

Jambo jingine ni kwamba gia zako 21 si 21 kwa hakika. 48 na 24 nyuma ni uwiano wa 2.0, na 28 na 14 ni 2.0 vilevile. 48 na 28, 38 na 22, na 28 na 16 zote zinaangukia kati ya 1.71 na 1.75. Ukiondoa zinazojirudia na zile zinazoupinda mnyororo kutoka upande hadi upande, unabaki na kama 12 za maana. Ukiwa tambarare kaa kwenye 38 ya mbele na ucheze na za nyuma.

#4, mchangiaji wa Changamwe

Mwanangu, nimesoma hesabu zako na sina la kuzipinga, lakini sisi tumepanda Mazeras hadi Mariakani kwa baiskeli ya gia moja na hatukuwahi kuhesabu kadensi. Gia nzito ndiyo iliyotujenga mapaja. Vijana wa leo wana gia 22 na wanashindwa na mlima ambao sisi tuliupanda tukiwa na gunia nyuma.

#5, mwanzilishi wa uzi

Shikamoo mzee wangu. Unachosema kina ukweli wake, na makocha wenyewe wanakitumia: huwapa waendeshaji vipindi vifupi vya kupanda mlima kwa gia nzito, kadensi ya 50 au 60, ili kuimarisha misuli. Ninachotenganisha mimi ni zoezi na safari. Zoezi la dakika tano kwenye mwinuko, magoti yakiwa yameshapata moto, lina faida. Saa tatu za kukandamiza kwa kadensi ya 50 kwa sababu tu mtu anaona haya kushusha gia mbele ya wenzake ni jambo jingine, na goti huanza kuuma mbele, chini ya kifuniko chake.

Kwa upande wa mlima, tunaye Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kujifunza kazi hii hapa Kenya kabla ya kuhamia kwingine. Katika Tour de France ya 2013, kwenye mlima wa Mont Ventoux, alimwacha mpinzani wake Alberto Contador huku yeye Froome ameketi kitini, miguu yake ikizunguka kwa kasi iliyowashangaza watu kwa sababu walizoea kuona shambulio likifanywa kwa kusimama na kukandamiza. Kushusha gia hakukumaanisha kushusha mwendo. Na kwa kuwa umetaja gia moja, mzee, hata Tour yenyewe iliwakataza waendeshaji vibadilisha gia hadi mwaka 1937. Kabla ya hapo, mtu alifika chini ya mlima, akashuka, akalifungua gurudumu la nyuma na kuligeuza ili atumie gia ya upande wa pili. Mwanzilishi wa mashindano hayo, Henri Desgrange, alikuwa na fikra kama zako kuhusu vijana wa kisasa.

#6, mchangiaji wa Likoni

Kaka, mimi kifaa changu kinaonyesha kadensi ya 65, na nikijaribu kufika 90 ninadundadunda kitini kama niliyepanda mkokoteni. Nifanyeje? Pia mwanangu wa miaka 15 anataka gia za wakubwa.

#7, mwanzilishi wa uzi

Dada yangu, kwanza kagua kiti. Keti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande. Ukinyongea sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo. Kiti kilicho juu mno huzifanya nyonga zicheze huku na huku, na kudunda kwingi huanzia hapo. Pili, usiruke kutoka 65 hadi 90. Chagua kipande tulivu, kwa mfano barabara ya Mama Ngina mapema kabla magari hayajajaa, shusha gia moja, na unyonge kwa 72 mpaka ikuzoee, halafu 78. Kudunda kunakuja kwa sababu mguu unaendelea kusukuma chini hata baada ya pedali kufika chini, nao unakuinua wewe. Anza kuuvuta mguu nyuma kabla ya kufika pale, kana kwamba unafuta tope kwenye soli. Kwa asiye na kifaa, ahesabu goti la kulia linavyopanda kwa sekunde 15, azidishe kwa nne.

Kwa huyo kijana, chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, kwa miaka mingi kiliwazuia vijana wa mashindano kutumia gia inayozidi mita 7.93 kwa mzunguko, ambayo ni sawa na 52 na 14. Kanuni hiyo iliondolewa mwaka 2023, lakini kwa mtoto wa miaka 15 anayejifunza mimi ningeifuata bado. Kwa kadensi ya 100, gia hiyo inampeleka kilomita 47 kwa saa, na hakuna kipande cha barabara yetu ambacho ningependa aende zaidi ya hapo.

#8, mchangiaji wa Tudor

Nimejaribu kushusha gia kama ulivyoeleza, lakini mnyororo wangu unaruka kila ninapokandamiza. Fundi ameweka mnyororo mpya na bado unaruka.

#9, mwanzilishi wa uzi

Hewa yetu ya chumvi na mchanga huumaliza mnyororo mapema kuliko bara. Pingili 24 za mnyororo mpya zina urefu wa milimita 304.8, zikifika 307 mnyororo umekwisha, na umeshaanza kuyala meno. Ndiyo maana kuuosha kwa mafuta ya taa, kuukausha na kuutia oili nyepesi kila wiki si anasa kwetu. Kwa baiskeli yako, tafuta kama unaruka kwenye gia zote au kwenye moja. Mnyororo mpya ukiruka juu ya gia moja tu ya nyuma, tuseme ya 15, basi hiyo ndiyo uliyokuwa ukiikalia siku zote, meno yake yamechongoka, na jirani zake bado ni nzima kwa kuwa hujawahi kuzitumia. Mwambie fundi akubadilishie hiyo peke yake kama kaseti yako, yaani fungu la gia za nyuma, inafunguka.